Hesabu za Shule: Wazazi wa Clarendon Walivyohesabu



Katika somo hili tutajifunza kusoma hesabu za shule. Wengi wetu tukisikia shule fulani imefaulisha watoto wengi, tunasema, "Hiyo ni shule nzuri." Tukisikia nyingine imefelisha, tunasema, "Walimu wake wavivu," au, "Watoto wa kule vichwa vigumu." Tunamaliza hapo. Lakini hesabu ya waliofaulu ni hesabu moja tu. Nyuma yake zipo nyingine: watoto wako wangapi, ni watoto wa nani, wanatembea mwendo gani, mwalimu mmoja anafundisha wangapi, na kila mtoto ametengewa fedha kiasi gani. Mtu asiyezijua hizo hawezi kujua maana ya ile ya kwanza.

Tutachukua mfano wa mahali pamoja, mbali sana na kwetu. Ni kaunti ya Clarendon, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Nimechagua mahali hapo kwa sababu wakulima wa huko, wengi wao wakiwa wamesoma miaka michache tu, walizihesabu shule zao, wakazipeleka hesabu hizo mahakamani, na sheria ya nchi nzima ikabadilika. Walilipia gharama kubwa. Tutaona.

WILAYA YA SHULE NI NINI?

Kwanza tuelewe neno moja. Marekani shule za umma haziendeshwi na serikali kuu ya nchi. Kila jimbo lina sheria zake za elimu, na ndani ya jimbo kuna maeneo yanayoitwa wilaya za shule. Usifikiri ni wilaya kama zetu, zenye mkuu wa wilaya na polisi wake. Wilaya ya shule inashughulika na shule tu. Ina mipaka yake, ina bodi yake ya shule, na ina fungu lake la fedha. Sehemu kubwa ya fungu hilo hutoka katika kodi ya ardhi na nyumba za watu wa eneo lile lile. Jimbo linaongeza, na serikali kuu inaongeza kidogo.

Leo nchi ile ina wilaya za shule kama 13,000. Nyingine zina wanafunzi laki kadhaa, kama ule mji mkubwa wa New York. Nyingine ni ndogo kabisa, wanafunzi mia chache tu. Unaweza kuona matata yanapoanzia. Mahali penye nyumba za thamani na viwanda, kodi ni nyingi na shule inapata. Mahali penye mashamba yaliyochoka na vibanda vya mbao, kodi ni kidogo na shule inakosa. Watoto hawakuchagua kuzaliwa upande gani wa mpaka.

Clarendon ni nchi ya mashamba. Zamani zao kubwa lilikuwa pamba. Watu wengi walikuwa weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Sheria ya jimbo ilikataza mtoto mweusi na mtoto wa Kizungu kusoma shule moja. Wakubwa walisema hakuna ubaya, maana kila upande una shule zake, nazo ni sawa. "Mbalimbali lakini sawa," ndivyo walivyosema. Tangu mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekubali maneno hayo.

Je, zilikuwa sawa kweli? Hapo ndipo hesabu inapohitajika.

MAMBO YALIANZA NA BASI

Miaka ya 1940 kaunti ya Clarendon ilikuwa na mabasi 30 ya kuwapeleka watoto wa Kizungu shuleni. Mabasi ya watoto weusi yalikuwa sifuri. Watoto weusi walitembea kwa miguu, wengine maili 9 kwenda tu, yaani zaidi ya kilometa 14. Mwanzoni mwa miaka hiyo mto Santee ulijengewa bwawa ili kupata umeme, na maji yakatapakaa yakawa ziwa, Ziwa Marion. Maji yalipojaa yalifunika njia ya watoto. Ikabidi wengine wapige makasia kwenda kusoma.

Mchungaji Joseph DeLaine alikuwa pia mwalimu. Yeye na wazazi walichanga fedha wakanunua basi kuukuu. Basi lenyewe lilikuwa linaharibika mara kwa mara. Wakaenda kwa wakubwa wa shule wakasema: basi tumelinunua wenyewe, tunaomba mafuta tu. Wakanyimwa. Sababu waliyopewa ni kwamba watu weusi hawalipi kodi nyingi, kwa hiyo haifai kuwatwisha Wazungu mzigo huo. Tazama hesabu hiyo ilivyopinda: unamnyima mtu ardhi nzuri na kazi nzuri, halafu unamwambia kodi yako ni ndogo.

Mzee Levi Pearson, mkulima mwenye shamba lake, akakubali kushtaki. Mwezi wa Machi mwaka 1948 kesi ikaandikishwa. Mwezi wa Juni ikatupwa. Kwa nini? Kwa sababu ya mpaka. Shamba la Mzee Pearson lilikaa karibu na mpaka wa wilaya za shule. Kodi yake alilipa katika wilaya namba 5, lakini watoto wake walisoma katika wilaya nyingine. Mahakama ikasema hana haki ya kushtaki. Hawakuulizwa watoto wanatembea au hawatembei. Kalamu ilipita kwenye ramani, kesi ikafa.

Mzee Pearson alirudi shambani akakuta kuwa adhabu yake imeanza. Wenye maduka na mabenki wakakataa kumkopesha mbegu na mbolea. Miti aliyokata kwa ajili ya kuuza ikalala, mwenye kiwanda cha mbao hakuja kuichukua. Nafaka ilipokomaa, hakuna Mzungu aliyekubali kumwazima mashine ya kuvunia kama ilivyokuwa desturi. Mazao yakaozea shambani. Hakuacha.

HEBU TUFANYE HESABU

Chukua daftari na kalamu. Hizi ni hesabu za kaunti nzima ya Clarendon kwa mwaka wa shule 1949 hadi 1950.

Watoto weusi walikuwa 6,531. Watoto wa Kizungu walikuwa 2,375. Jumlisha. Utapata watoto 8,906.

Sasa tunataka kujua weusi walikuwa sehemu gani ya watoto wote. Gawa 6,531 kwa 8,906, kisha zidisha kwa 100. Utapata 73 na ushee. Hiyo ndiyo asilimia. Maana yake ni kwamba ukiwapanga watoto mia wa kaunti ile mstari mmoja, 73 ni weusi na 27 ni Wazungu. Neno asilimia lisikutishe. Ni njia ya kulinganisha vitu vyenye hesabu tofauti kwa kujifanya kwamba kila kimoja ni mia.

Endelea. Watoto weusi walikuwa na shule 61. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule 12. Hapo mtu mjanja anaweza kukudanganya. Atasema, "Mnalalamika nini? Ninyi mna shule 61, Wazungu wana 12 tu!" Ndiyo maana hesabu moja haitoshi. Lazima uulize: ni shule za namna gani? Thamani ya majengo yote 61 ya weusi ilikuwa dola 194,575. Thamani ya yale 12 ya Wazungu ilikuwa dola 673,850. Gawa kila thamani kwa idadi ya watoto wake. Kila mtoto mweusi alikuwa na jengo la thamani ya dola 30 hivi. Kila mtoto wa Kizungu, dola 284 hivi. Ni zaidi ya mara tisa.

Hizo shule 61 nyingi zilikuwa vibanda vya mbao, chumba kimoja au viwili, choo cha nje, na maji ya kwenda kuteka.

Tugeukie fedha za kuendesha shule, yaani mishahara, vitabu, makaa ya mawe ya kuotea moto wakati wa baridi. Kaunti ilitumia dola 179 kwa kila mtoto wa Kizungu. Kwa kila mtoto mweusi ilitumia dola 43. Ugawe hapo: 179 kwa 43 ni zaidi ya nne. Mtoto mmoja wa Kizungu alipata fungu la watoto wanne weusi, na chenji ikabaki.

Tena mwalimu. Katika shule za Wazungu mwalimu mmoja alikuwa na watoto 28. Katika shule za weusi mwalimu mmoja alikuwa na watoto 47. Mwenye kufundisha kisomo anajua tofauti hiyo. Watu 28 unaweza kupita kila daftari ukasahihisha. Watu 47 unapita nusu, kengele inalia.

Sasa msomaji, tuseme mwaka ule watoto wote 8,906 wangefanya mtihani mmoja. Tuseme Wazungu wangefaulu wengi na weusi wachache. Je, mtihani huo ungepima akili za watoto? Au ungepima mabasi 30, walimu, na zile dola 179 na 43? Mimi nasema ungepima vyote pamoja, na hakuna ambaye angeweza kuvitenganisha kwa kutazama karatasi ya majibu tu.

KUTIA SAHIHI

Baada ya kesi ya Mzee Pearson kutupwa, mwanasheria Thurgood Marshall wa chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, aliwaambia wazazi maneno mazito. Mtu mmoja hatoshi. Tafuteni watu ishirini wenye watoto shuleni, na mipaka yao isiwe na utata.

Mwaka huo huo wa 1949 wanafunzi wa shule ya weusi ya Scott's Branch, katika mji mdogo wa Summerton, nao walikuwa na malalamiko yao. Walidai kwamba mwalimu mkuu anakusanya fedha bila kutoa hesabu, na kwamba masomo hayafundishwi ipasavyo. Hasira ya wanafunzi ikawaamsha wazazi waliokuwa bado wamelala.

Mwezi wa Novemba 1949 watu walikusanyika nyumbani kwa Harry na Eliza Briggs na mahali pengine wakatia sahihi. Wewe uliyejifunza kuandika jina lako ukubwani unajua uzito wa kuweka jina kwenye karatasi. Mdomo unaweza kusema kisha ukakana. Sahihi inabaki. Watu zaidi ya mia waliandika majina, wazazi na watoto wao. Orodha ilipangwa kwa alfabeti, kwa hiyo jina la Briggs likawa juu, na kesi ikaitwa Briggs dhidi ya Elliott. Elliott alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule.

Wilaya yenyewe, namba 22, ilikuwa ndogo. Watoto weusi walizidi kidogo mia nane, na Wazungu hawakufika mia tatu. Shule zote pamoja unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ndiyo maana kila mtu alijulikana, na kila sahihi ilikuwa na mwenyewe wa kuadhibiwa. Bwana Briggs alikuwa amepigana vita katika jeshi la majini la Marekani, na alifanya kazi kwenye kituo cha mafuta ya magari. Siku moja kabla ya Krismasi ya 1949 akafukuzwa kazi. Bibi Briggs alikuwa mfanyakazi wa vyumba katika nyumba ya wageni. Naye akaambiwa ondoa jina lako. Akakataa, akapoteza kazi. Mwishowe Bwana Briggs alilazimika kwenda kutafuta kazi Florida, mbali na watoto wake. Baadaye nyumba ya Mchungaji DeLaine ikateketea kwa moto. Wazima moto walikuwapo wakatazama tu. Walisema nyumba iko nje ya mpaka wa mji. Mpaka tena!

MAHAKAMANI

Kesi ilisikilizwa mjini Charleston mwishoni mwa Mei 1951, mbele ya majaji watatu. Watu walitoka Clarendon usiku ili wapate nafasi. Mwanzoni tu wakili wa bodi ya shule akasimama akakiri kwamba shule hazikuwa sawa. Alitaka kuimaliza kesi haraka: tunakiri, tupeni muda tutajenga. Kweli gavana James Byrnes alikuwa ameanzisha kodi ya mauzo ya senti tatu kwa kila dola ili kujengea shule. Scott's Branch nayo ikajengwa upya.

Lakini wazazi sasa walikuwa wanataka zaidi ya jengo. Walisema kule kutenganishwa kwenyewe kunamdhuru mtoto. Jambo hilo unalipimaje? Hakuna rula yake.

Msomi mmoja mweusi, Kenneth Clark, alijaribu kulipima. Alikwenda Clarendon na wanasesere, wengine weupe na wengine weusi, wa sura moja. Aliwaonyesha watoto weusi 16 wa umri wa miaka sita hadi tisa, mmoja mmoja. Akawauliza, yupi unampenda? Watoto 10 walimchagua mweupe. Yupi anaonekana mbaya? Watoto 11 walimwonyesha mweusi. Mtoto amwonyeshe mwanasesere mwenye rangi yake mwenyewe, aseme huyu ndiye mbaya.

Watoto 16 ni wachache, na msomaji makini atauliza kama wanatosha. Ni swali zuri. Kabla ya hapo Clark na mkewe Mamie walikuwa wamewajaribu watoto 253 katika sehemu nyingine za Marekani, na mwelekeo ulikuwa huo huo. Hesabu ndogo inapata nguvu inapokubaliana na nyingine iliyopatikana mahali pengine.

Majaji wawili kati ya watatu wakakataa. Wakaamuru majengo yasawazishwe, lakini utengano ubaki. Jaji wa tatu, Waties Waring, Mzungu mwenyeji wa Charleston, akaandika kwamba utengano wenyewe ndio kutokuwa sawa. Wazungu wenzake walimtenga, na mwaka uliofuata aliacha kazi akahamia New York.

Kesi ya Clarendon ilikuwa ya kwanza kati ya tano kufika Mahakama ya Juu. Zilipounganishwa, jina lililotangulia likawa la kesi ya jimbo la Kansas, Brown. Ndiyo maana dunia inalijua jina la Brown na watu wa Clarendon wamesahaulika. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wakasema kwa sauti moja kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi kunavunja katiba.

Yule mwanasheria Thurgood Marshall anahusika na huku kwetu pia. Mwaka 1960 alikuwa London akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba, hasa kuhusu haki za raia. Mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

HESABU ZILIGEUKA

Unaweza kufikiri mambo yaliisha hapo. Hapana. Wakubwa wa Summerton waliburuta miguu kwa miaka kumi na moja. Mwaka 1965 ndipo watoto weusi wachache walipoingia shule ya Wazungu. Mwaka huo huo Wazungu wakafungua shule yao ya kulipia, Clarendon Hall. Mahakama ilipolazimisha shule za umma zichanganywe kabisa mwaka 1970, wakati huo katika wilaya ile wanafunzi weusi walikuwa kama kumi kwa kila Mzungu mmoja, Wazungu karibu wote waliobaki wakaondoka. Shule za umma za Summerton zikawa za watoto weusi watupu, au karibu watupu. Sheria ilikuwa imebadilika. Ukitazama darasani, hukuona tofauti kubwa na zamani.

Jambo hili lina maana kwa anayesoma hesabu. Mtu akikuambia, "Wilaya hii asilimia karibu mia ya wanafunzi ni weusi," usifikiri hivyo ndivyo mji wote ulivyo. Wazungu wapo mjini, wana mashamba na maduka. Watoto wao hawamo katika hesabu ya shule ya umma. Kila unapopewa idadi, uliza nani hakuhesabiwa.

Na umaskini ulibaki. Mwaka 1993 wilaya nyingi za mashambani za South Carolina, zenye watoto weusi wengi na maskini wengi, zililishtaki jimbo. Zilisema fedha hazitoshi kuwapa watoto elimu. Kesi ilianza kusikilizwa mwaka 2003 mjini Manning, makao makuu ya kaunti ya Clarendon. Tazama ilivyorudi mahali pale pale. Hukumu ya mwisho ya mahakama kuu ya jimbo ilitoka mwaka 2014, miaka 21 baada ya kushtaki. Mtoto aliyezaliwa siku ya kushtaki alikuwa mtu mzima. Majaji watatu kati ya watano walisema jimbo halijatimiza wajibu wake. Walitazama matokeo ya mitihani na idadi ya wanaomaliza shule, wakaona ni mabaya. Kisha wakatafuta sababu. Walitaja umaskini. Walitaja walimu wenye ujuzi kutokaa mashambani. Walitaja udogo wa wilaya, ambazo kila moja ina ofisi yake na wakubwa wake wa kulipwa. Na walitaja mabasi, jinsi watoto wanavyokaa muda mrefu njiani. Mabasi, miaka zaidi ya sitini baada ya Mzee Pearson.

Mwaka 2017 mahakama ile ile iliacha kuisimamia kesi hiyo. Mwaka 2022 kaunti ya Clarendon iliunganisha shule zake zote za umma kuwa wilaya moja. Ile mipaka iliyomnyima Mzee Pearson haki yake imefutwa kwenye ramani.

MTEGO WA HESABU NDOGO

Tumalizie na jambo linalowapotosha hata wasomi. Siku hizi sheria ya Marekani inataka kila wilaya ya shule itangaze matokeo ya mitihani kwa mafungu: weusi peke yao, Wazungu peke yao, watoto wa maskini, watoto wenye ulemavu, watoto wanaojifunza Kiingereza. Mpango huo ulitiwa nguvu na sheria iliyosainiwa Januari 2002. Ni mpango mzuri kwa sababu zamani shule iliweza kutangaza kwamba wengi wamefaulu, huku fungu moja la watoto limeachwa nyuma na hakuna anayeona.

Lakini katika wilaya ndogo hesabu hizo zinarukaruka. Tuseme darasa lina watoto 10. Mwaka huu wamefaulu 7. Ni asilimia 70. Mwaka kesho wawili wanaugua malaria siku ya mtihani na wanafaulu 5. Ni asilimia 50. Gazeti litaandika, "Shule yaporomoka!" Bodi itamwita mwalimu mkuu. Kumbe ni watoto wawili na homa. Katika shule yenye watoto 1,000, watoto wawili hawaonekani hata kidogo. Kwa hiyo shule ikiwa ndogo, usitazame mwaka mmoja. Jumlisha miaka mitatu au minne, ndipo useme. Na fungu likiwa dogo kupita kiasi, jimbo halitangazi matokeo yake kabisa, maana kila mtu mjini atajua ni mtoto wa nani aliyefeli.

Kuna mtego mwingine. Asilimia ya waliofaulu huhesabiwa kutokana na waliofanya mtihani. Aliyeacha shule hayumo. Shule inaweza kuwapoteza wanafunzi dhaifu mmoja mmoja, kisha asilimia yake ikapanda! Wakati wa pamba watoto wengi weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa shambani wakichuma, na mihula yao ilikuwa mifupi kwa ajili hiyo. Ukipima waliobaki darasani peke yao, umepima nani?

Mwaka 2004 Mzee Pearson, Mchungaji DeLaine, na Harry na Eliza Briggs walitunukiwa nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani. Wote wanne walikuwa wamekwisha kufa. Watoto wao ndio waliohudhuria.

ZOEZI

Fanya katika daftari lako, kisha linganisha na mwenzako.

1. Tuseme wako watoto 1,316. Kila mwalimu akifundisha watoto 28, wanatakiwa walimu wangapi? Na kila mwalimu akifundisha 47?

2. Darasa lina watoto 30. Kila mtoto akitengewa dola 179, darasa linapata dola ngapi? Akitengewa dola 43? Toa ya pili kutoka ya kwanza.

3. Shule ndogo ilikuwa na watoto 8 katika mtihani, wakafaulu 6. Mwaka uliofuata walikuwa 8 tena, wakafaulu 5. Asilimia imeshuka kwa kiasi gani? Ni watoto wangapi hao?

4. Bodi ya shule inakuambia, "Tuna shule 61, wenzetu wana 12." Andika maswali matatu ya kuiuliza kabla hujakubali.